Waandishi wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Kwanza: mbona huko kuvunjika imani hatukuoni?

msomaji_wa_pasua (Moshi)

Habari zenu wakuu. Hapa Moshi tuna kikundi cha kusoma, watu 12, wengi walimu wa sekondari. Tumejipangia Jumamosi nne, saa mbili kila moja, tusome waandishi wa Marekani waliotoka kwenye Vita Kuu ya Kwanza wakiwa hawaamini tena yale waliyoambiwa.

Tumekwama mapema. Tulionja hadithi moja ya Hemingway, ile ya uvuvi, na karibu wote wamelalamika: jamaa anashuka kwenye treni, anapiga hema, anapika maharage, analala, kesho yake anavua samaki. Kuvunjika imani kuko wapi hapo? Pili, vitabu vizima hatuviwezi kwa muda huu na nakala zetu ni za kutoa kopi, kwa hiyo naomba vipande maalumu, ikiwezekana na namba za sura. Tatu, Kiswahili chake ni kipi? Mmoja anasema "kukata tamaa", mwingine "kuvunjika moyo", na kila mmoja kashika lake.

Mliowahi kufundisha mada hii naombeni mchango wenu.

Mwl_Kaloleni (Arusha)

Mkuu, mnatafuta kwenye matukio. Tafuteni kwenye maneno, kwa sababu kilichowavunjikia waandishi hawa ni lugha.

Tazama walivyoingia vitani. Tarehe 2 Aprili 1917 Rais Wilson alisimama mbele ya Bunge akasema dunia lazima iwe mahali salama kwa demokrasia; tarehe 6 nchi ikawa vitani. Serikali ikaunda kamati ya kueneza habari chini ya George Creel, mwanahabari, na kamati ikaandikisha wasemaji wa kujitolea wapatao 75,000. Hao walikuwa wanasimama kwenye majumba ya sinema wakati fundi anabadilisha mikanda, dakika nne tu, wakahubiri wajibu, heshima, uhuru na kujitoa mhanga. Kijana akawa anayasikia hayo kila akienda kutazama picha. Akaenda vitani, akaona aliyoyaona, akarudi, na kukuta maneno yaleyale bado yanasemwa na watu ambao hawakutoka nyumbani. Wamarekani 116,000 hivi walikufa, na takriban nusu yao kwa maradhi, hasa mafua ya 1918. Aliyekufa kwa kukohoa kwenye kambi ya mafunzo naye alizikwa kwa hotuba hizohizo.

Kwa hiyo aliyerudi na kushika kalamu alikuwa na mtihani mmoja: aandike vipi bila kuyagusa maneno yaliyomdanganya? Ukishalijua hilo, hata maharage yale ya mkebe yanaanza kusema.

Jumamosi ya kwanza basi iacheni ile ya uvuvi. Chukueni "Soldier's Home" ya 1925, ya Hemingway huyohuyo. Ni fupi, kwa sauti haimalizi nusu saa. Someni aya mbili za mwanzo kisha kila mtu afunike karatasi. Kuna picha mbili za Krebs hapo, kijana aliyerudi kutoka vitani. Ya kwanza yuko chuoni Kansas na wenzake, wote wamevaa kola za urefu uleule na mtindo uleule. Ya pili yuko na koplo mwenzake na wasichana wawili wa Kijerumani; sare zinawabana, wasichana si wazuri. Waulize: kwenye picha ya pili nini hakionekani? Mwandishi amekiandika waziwazi: mto Rhine hauonekani. Picha imepigwa Rhine, na Rhine haimo. Msiendelee mpaka kila mtu ameliona hilo, maana hadithi nzima inatembea hivyo, jambo kubwa limeachwa nje ya fremu kwa makusudi.

Pili, tafuteni mahali Krebs anapoanza kudanganya. Amerudi Oklahoma kiangazi cha 1919, wenzake walishapokelewa kwa shangwe zamani. Watu wameshashiba habari za ukatili, hivyo ili asikilizwe inabidi aongeze chumvi. Akishadanganya mara mbili, anayachukia hata yale ya kweli aliyoyapitia, yale yaliyokuwa yakimtuliza akiyakumbuka. Jeraha la hadithi hii liko hapo, na hakuna risasi iliyolifanya.

Tatu, ile sehemu ya chai ya asubuhi mwishoni. Mama anamwambia kwamba katika ufalme wa Mungu hakuna mikono ya kukaa bure. Kijana anajibu kwamba yeye hayumo katika ufalme huo. Kisha mama anamuuliza kama hampendi. Anajibu hapana. Katikati ya maswali hayo kuna sentensi moja ya Krebs kutazama mafuta ya bekoni yakiganda kwenye sahani. Mwambieni msomaji wenu airudie mara mbili. Hakuna neno la huzuni humo, lakini huzuni yote imo kwenye sahani.

Hapa ndipo kikao huharibika. Kwetu, mtoto kumwambia mama yake "sikupendi" kunaweza kula nusu saa nzima ya kumhukumu Krebs kwa utovu wa adabu. Mpe kila mtu dakika moja aseme la moyoni, halafu rudisheni mjadala kwenye maneno: mama anatumia lugha ya nani? Ni sauti ileile ya wasemaji wa dakika nne, sasa imeingia jikoni.

Jumamosi ya pili ndiyo mrudi kwenye ile ya uvuvi, "Big Two-Hearted River". Gawanyeni karatasi safu mbili. Kushoto andikeni kila kitendo cha mikono cha Nick, yule mvuvi, kwa mpangilio. Kulia andikeni alichokikwepa wakati huo. Mji wa Seney umeungua, panzi wamegeuka weusi kwa majivu, na yeye anawachunguza panzi badala ya kuuliza nini kiliunguza mji. Anachanganya maharage na tambi za mkebe, anayatazama yakichemka, halafu anangoja yapoe kwa sababu anajua yatamuunguza ulimi. Mtu mwenye utulivu wa kawaida hahitaji kuhesabu hatua za kula. Mwishoni kuna kinamasi ambacho hataki kuingia kuvua, anakiacha kwa siku nyingine. Hemingway mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba hadithi hiyo inahusu kurudi kutoka vitani, na vita haikutajwa humo hata mara moja. Kosa la kawaida ni mwezeshaji kulisema hilo mwanzoni. Mkilisema kabla, watu wataanza kuona vita kwenye kila samaki.

Jumamosi ya tatu: riwaya yake "A Farewell to Arms" ya 1929, sura ya 27 na ya 30 tu. Katika 27 kuna aya ambayo Frederic Henry, msimulizi, Mmarekani aliye na jeshi la Italia, anasema anaona aibu akisikia maneno kama utukufu na kafara, na kwamba mwishowe ni majina ya mahali peke yake yaliyobaki na heshima: majina ya vijiji, namba za barabara, majina ya mito, namba za vikosi, tarehe. Zoezi la hapa ni rahisi na linauma. Chukueni hotuba yoyote ya kumbukumbu ya vita, pigeni mstari chini ya kila nomino dhahania ya ngeli ya U: utukufu, ushujaa, uzalendo, uhuru. Zisomeni kwa sauti. Halafu orodhesheni majina ya mahali na tarehe zilizomo. Mara nyingi safu ya pili inabaki tupu.

Na kwa kuwa mko Moshi, nendeni makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kabla ya kikao hicho. Majeshi ya Jenerali Smuts, upande wa Waingereza, yaliingia mji wenu Machi 1916. Mawe ya makaburi hayo kwa kawaida yana namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe. Ni orodha ileile ya sura ya 27. Chini kabisa familia iliruhusiwa kuongeza maneno yake, herufi zisizozidi 66, na hapo ndipo maneno makubwa yanarudi. Kila mmoja anakili jiwe moja aje nalo. Kisha waulize wapagazi wako wapi. Wale wa Carrier Corps, ambao Kariakoo imebeba jina lao, walikufa kwa makumi ya maelfu na wengi hawana jiwe lenye jina. Sanamu ya askari kule Nairobi imeandikwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe hayamo. Sijui njia fupi zaidi ya kumfanya Mtanzania aielewe aya ile.

Sura ya 30 ni mafungo ya Caporetto, jeshi la Italia likirudi nyuma Oktoba 1917, askari polisi wanawahoji maofisa kando ya mto Tagliamento na kuwapiga risasi. Wanaohoji wanatumia maneno makubwa. Henry anaruka mtoni. Someni hiyo mara moja, haihitaji msaada.

Suala la nakala: vitabu vilivyochapishwa Marekani hadi 1929 viko huru huko tangu Januari 2025, kwa hiyo hivyo vyote mtavipata mtandaoni bila taabu. Angalieni tu toleo mnalochapa, mengine yamekosewa mpangilio wa aya, na kwa mwandishi huyu aya ikikatwa vibaya mmepoteza nusu ya kazi.

fasiri_usariver

Nijibu la tatu, maana Mwalimu amelipita.

"Kukata tamaa" kunatazama mbele: unaona hakuna la kutarajia. Hawa wanatazama nyuma, wamegundua kwamba waliloliamini halikuwa kweli tangu mwanzo. "Kuvunjika moyo" ni kuishiwa nguvu ya kuendelea, na Hemingway au mwandishi mwenzake Dos Passos hawakuishiwa nguvu, waliandika sana. Kwa ile hali ya kudumu mimi hutumia "kuvunjika imani". Kwa ile dakika ya kugundua, "kutanabahi" au "kuzinduka". Tenganisheni hayo mawili na mjadala utanyooka: Frederic Henry anazinduka kando ya mto, Krebs alishazinduka zamani, tunamkuta imani imeshamtoka.

Kama mtafasiri vipande kwa ajili ya washiriki, jihadharini na -ka-. Kiswahili kinakushawishi: *akafika, akatua mzigo, akachomeka vigingi, akawasha moto.* Ni tamu, lakini ni sauti ya ngano. Msikilizaji anaanza kungojea zimwi litokee. -ka- inafunga tendo kwenye tendo, wakati kiunganishi anachorudia Hemingway kinaweka vitu sambamba bila kusema kimoja kimezaa kingine. Mkigeuza vyote kuwa -li- napo mnapata maelezo ya kituo cha polisi. Kinachofanya kazi ni hiki: -ka- ndani ya kazi moja ya mikono, -li- kila kazi mpya inapoanza. *Alitua mzigo akautegemeza kwenye kisiki. Alitafuta mahali tambarare. Alikata vigingi akavichonga ncha.* Halafu msiongeze "kwa huzuni" wala "kwa upweke" popote. Mkono wa mfasiri unawasha kweli kweli kuongeza, na ukiongeza neno moja tu hadithi imekufa.

Jambo dogo: riwaya ya 1926, "The Sun Also Rises", ina nukuu mbili mbele. Moja ni ya Gertrude Stein, mwandishi wa Marekani aliyeishi Paris, kuhusu kizazi kilichopotea, na ndiyo kila mtu anaikumbuka. Ya pili ni Mhubiri 1, na wasomaji wenu wanayo kichwani: kizazi huenda, na kizazi huja, nayo dunia hudumu daima. Hemingway alimwandikia mhariri wake, Maxwell Perkins, kwamba hoja ya kitabu ni hiyo, dunia kudumu. Zisomeni zote mbili pamoja, msiiache ya Stein peke yake.

kumbukumbu_1919 (Njiro)

Mpango ni mzuri ila Hemingway amejaa mno, na mtaondoka mkidhani huko kuvunjika imani ni mali ya kijana mmoja mzungu aliyejeruhiwa.

Kwanza rekebisheni picha ya nani alikuwa wapi, maana hapa watu huteleza sana. Hemingway hakuwa askari. Alikuwa Msalaba Mwekundu nchini Italia, akajeruhiwa na kombora tarehe 8 Julai 1918 huko Fossalta akigawa sigara na chokoleti. Mafungo ya Caporetto aliyoyaeleza kwa undani namna ile hakuyaona. Oktoba 1917 ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi ya uandishi wa habari Kansas City. Fitzgerald alivaa sare lakini hakuvuka bahari. Faulkner alikuwa mafunzoni Toronto, vita ikaisha. Dos Passos na Cummings waliendesha magari ya wagonjwa Ufaransa, na Cummings akawekwa kizuizini na Wafaransa wenyewe, miezi kama mitatu, ndipo kikatoka "The Enormous Room" ya 1922. Na mshairi Eliot, ambaye "The Waste Land" yake hutajwa kila mara kama sauti ya kizazi kile, aliandika mwenyewe kwamba kusema hivyo ni upuuzi. Remarque, yule wa "All Quiet on the Western Front", msimweke kabisa kwenye orodha hii, huyo ni Mjerumani.

Msianze na 1925. Anzeni na muuguzi Ellen La Motte. "The Backwash of War" ilitoka 1916, kabla Marekani haijaingia vitani, na 1918 ikaondolewa sokoni. Hadithi ya kwanza inaitwa "Heroes": askari amejipiga risasi akashindwa kufa, na hospitali inamtibu kwa uangalifu mkubwa, bandeji, dawa, zamu za usiku, apone ili asimamishwe mbele ya mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi. Yale ambayo Hemingway atayasema miaka kumi na tatu baadaye yamo humo, tena bila kijana mzuri wa kumwonea huruma.

Halafu Wamarekani weusi. Kwao mambo yako kinyume, na hapa naomba mkae muda mrefu. Julai 1918 W. E. B. Du Bois, mwandishi na mtetezi wa haki za weusi, aliwaasa kwenye jarida la The Crisis wasahau malalamiko yao kwa muda na kufunga safu na wazungu hadi vita iishe. Kikosi cha 369 kutoka Harlem kilikaa mstari wa mbele siku 191, chini ya uongozi wa Wafaransa kwa sababu jeshi lao lenyewe halikutaka kupigana nao bega kwa bega. Mei 1919 Du Bois huyohuyo anaandika makala nyingine: tumerudi kutoka vitani, na tumerudi tukipigana. Julai hiyo Chicago inalipuka, watu 38 wanakufa, 23 kati yao weusi. Mwezi huohuo Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, anachapisha "If We Must Die".

Wekeni makala mbili za Du Bois ubavu kwa ubavu, ya 1918 na ya 1919, zote fupi, ukurasa mmoja unatosha kila moja. Hesabuni maneno makubwa. Hayajapungua! Demokrasia bado imo, haki imo. Henry anayaonea aibu maneno hayo kwa sababu aliyapewa yakamwishia mkononi. Du Bois hakuwahi kuyapewa, kwa hiyo hayaachii. Anayashika na kudai deni. Shairi la McKay nalo ni soneti ya mistari 14, vina vimekaa sawasawa, umbo la zamani kabisa, wakati waandishi wenzake waliohamia Paris wanavunja kila umbo. Aliyeambiwa hana adabu ya kistaarabu hana haraka ya kulivunja umbo hilo. Mkipita hapa haraka, mmekosa nusu ya mada.

Kama mna mtu wa ziada wa kusoma peke yake, mpeni "Company K" ya William March, 1933. Sauti 113, kila askari wa kombania kipande chake kifupi. Achague vitano tu.

msomaji_wa_pasua (Moshi)

Nashukuru sana wakuu. Nimebadilisha: Jumamosi ya kwanza La Motte na "Soldier's Home", ya pili uvuvi, ya tatu sura ya 27 na 30 pamoja na makaburi, ya nne Du Bois na McKay. Swali dogo. Wanakikundi wanadai lazima "The Snows of Kilimanjaro" iwemo, mlima ni wetu. Inaingia kwenye mada au ni kujipendekeza kwa mlima tu?

Mwl_Kaloleni (Arusha)

Nakubaliana na wa Njiro kuhusu La Motte, nilipaswa kumweka.

"Snows" inaingia, lakini iwe ya mwisho na msiisome kama ya 1919. Ni ya 1936. Harry, mwandishi, anakufa porini kwa donda ndugu lililoanza na mchubuko wa mwiba ambao hakuupaka iodini mapema. Asichokiamini tena sasa ni yeye mwenyewe: alikuwa na mambo ya kuandika, akayaweka akiba, akaishi kwa starehe za wake matajiri, na sasa muda umekwisha. Vita imo kwenye vipande vya herufi za mlazo, yaani yale ambayo hakuyaandika. Tafuteni cha Williamson, ofisa aliyenaswa kwenye waya matumbo yakiwa nje, akiomba apigwe risasi. Harry anampa vidonge vyote vya mofini alivyokuwa amejiwekea mwenyewe, na havikufanya kazi mara moja. Someni hicho kwa sauti kisha nyamazeni kidogo.

Wasomaji wa Moshi watauliza maswali mawili, nayo ni halali. La kwanza, urefu: mwanzoni ameandika futi 19,710, ambazo ni kama mita 6,008. Ni kipimo cha zamani. Mita 5,895 tunazozijua sasa ni futi 19,341. La pili ni zito zaidi. Molo, mtumishi, hana maneno karibu yoyote, analetewa amri za vinywaji. Msilifunike hilo. Mwandishi aliyejifunza kutoamini maneno makubwa ya wakubwa wake bado hakusikia sauti ya aliyesimama kando ya kitanda. Jadilini hapohapo, dakika ishirini angalau.

Na onyo kuhusu mwisho. Ndege inakuja, rubani anasema huenda akalazimika kupitia Arusha kuongeza mafuta, wanaruka, kisha badala ya kuendelea Arusha wanakata kushoto na mlima unatokea mweupe mbele yao. Karibu kila kikundi kuna mtu anayeshangilia kwamba amepona, kumbe ndege hiyo ni ya ndotoni. Kumbukumbu zote zilizotangulia zimechapwa kwa herufi za mlazo. Safari hii ya ndege imechapwa kwa herufi za kawaida, kama kweli. Kwa hiyo kwenye kopi zenu hakikisheni mlazo umetoka vizuri. Mashine nyingi za steshenari zikitolewa kopi ya kopi mlazo hauonekani, na msomaji hawezi tena kujua kwamba pale mwishoni aliachwa bila alama yoyote.